Huyu shakwe wa bustanini kwetu ni wa aina gani? Kichwa nusu cheusi, mgongo umekolea (picha zipo)

#1 Mtembea Bustani
Habari wakuu, niende moja kwa moja kwenye mada.

Kuna bustani ya umma karibu na ninapokaa, bara kabisa, mbali na bahari. Jina kapuni maana kuna vijana wana manati na sitaki lawama. Ina bwawa la kawaida tu na shakwe wa pale nawajua, ni wale wenye kichwa cha kijivu, mdomo mwekundu na miguu myekundu wanaogombania kila kinachoelea. Sasa tangu mvua za vuli zianze kuna mmoja kaingia katikati yao hafanani nao hata kidogo. Ni mdogo kuliko wenzake, si sana, ila wakisimama pamoja unaona. Mgongo umekolea, kijivu kizito, sio kile kijivu kilichopauka cha wenzake. Kichwa ndo kituko chenyewe, paji jeupe halafu kuanzia machoni kurudi nyuma mpaka kisogoni ni weusi, kama mtu aliyevaa kofia ikamteleza kwa nyuma. Mdomo mweusi. Miguu naona myeusi pia ila ilikuwa na tope kwa hiyo siapii.

Wenzake wanamfukuza lakini haondoki, anasogea hatua mbili anarudi.

Madai yangu: huyu sio wa hapa, kapotea njia kutoka mbali. Picha nimepiga kwa simu zimetoka na ukungu, msinicheke.

#2 Ndezi Mzembe
Nimewahi kiti cha mbele, wajuzi waje.

#3 Mama Kware
Picha ya pili nimezoom mpaka nimeanza kuona jiwe lina macho. Ndege yuko wapi hapo kaka?

#4 Mtembea Bustani
Kushoto dada. Hilo jiwe ni jiwe kweli.

#5 Jicho la Mwewe
Mkuu kabla hujamkatia tiketi ya kutoka mbali anza na wa nyumbani. Shakwe ndo ndege wanaovuruga watu akili kuliko wengi. Wale wadogo wanachukua kama miaka miwili mpaka wavae rangi za utu uzima, wale wakubwa miaka minne, na katikati hapo wanabadilisha manyoya kila msimu, kwa hiyo ukimweka wa mwaka wa kwanza pembeni ya wa mwaka wa tatu unaweza kuapa ni aina mbili tofauti kumbe ni ndugu.

Shakwe kichwa-kijivu akiwa bado mchanga ana kahawia kichwani, ana baka jeusi nyuma ya jicho, mdomo ncha yake nyeusi, na jicho lenyewe bado jeusi wakati mtu mzima jicho lake limepauka. Huyo wako ni mtoto wa haohao wanaomfukuza. Uzi unaweza kufungwa.

#6 Fundi Lenzi
Jicho usifunge uzi wa watu. Mchanga wa kichwa-kijivu ana kahawia mabawani na mkia wake una mstari mweusi mwishoni. Angalia picha ya nne, mkia mweupe hauna mstari, na mgongo wote rangi moja hauna viraka. Huyo ni mtu mzima au amekaribia.

Ila na hii habari ya "mgongo umekolea" msiibebe kama ilivyo. Simu inajiamulia mwanga yenyewe, ikikuta maji yanang'aa inatia giza kila kitu kingine. Huko Ulaya wanaofuatilia shakwe kwa umakini wamefika mahali wanalinganisha kijivu cha mgongo na kile kipimo cha kijivu cha Kodak cha wapiga picha, sababu macho yanadanganya na kamera inadanganya zaidi. Kinachosaidia ni picha moja yenye ndege wote wawili, jua moja, wamegeukia upande mmoja. Nje ya hapo ni porojo.

#7 Mtembea Bustani
Picha ya tano wako wawili na tofauti ipo wazi.

#8 Fundi Lenzi
Huyo wa nyuma kageukia jua. Haihesabiki.

#9 Mama Kware
Yaani ndege kapelekwa mahakamani na ushahidi umekataliwa 😂

#10 Bi Tausi
Nimezipitisha kwenye app ya kutambua ndege. Ya kwanza imesema shakwe kichwa-cheusi, ya pili imesema buabua, ya nne imenijibu nisogee karibu zaidi.

#11 Mzee wa Darubini
Hiyo ya kwanza mimi naikubali. Shakwe kichwa-cheusi (Chroicocephalus ridibundus) anazaliana Ulaya na Asia, na kipindi hiki wanashuka mpaka huku, unawakuta Ziwa Victoria, maziwa ya Bonde la Ufa, mpaka kwenye mabwawa ya maji taka. Watu wanamkosa kwa sababu wanategemea kuona kichwa cheusi kama anavyoitwa. Akiwa huku kichwa ni cheupe, kimebaki doa tu nyuma ya jicho, na akiwa katikati ya kubadilisha unakuta michirizi na mabaka hayaeleweki. Hata akiwa kwao kwenye msimu wa kuzaliana ukimwona kwa karibu kichwa ni kahawia iliyokolea.

Na ni mdogo kuliko kichwa-kijivu, kama mwenye uzi anavyosema. Mtembea, jicho lake ni rangi gani? Likiwa jeusi basi kichwa-kijivu mtu mzima tumemfuta.

#12 Mtembea Bustani
Jicho jeusi mzee. Tena nilikaa pale ukingoni akaja karibu kabisa, lina mistari miwili myeupe minene, mmoja juu ya jicho mmoja chini, kwa nyuma inakaribia kukutana. Ukiwa mbali unaona ile mistari kabla hujaona jicho lenyewe.

#13 Kasia Moja
Mnazunguka bure. Sisi wa pwani huyo tunamjua toka utotoni. Kuna shakwe wa huku ana kichwa cheusi-kahawia, mgongo umekolea, na juu ya jicho ana alama nyeupe. Kitaalamu Ichthyaetus hemprichii. Wanazaliana Bahari ya Shamu, Somalia mpaka visiwa vya kaskazini mwa pwani ya Kenya. Upepo umemsukuma bara basi, na hii mvua mnaiona.

#14 Jicho la Mwewe
Kasia nakuheshimu ila huyo hemprichii ni mkubwa, anafika au anampita kichwa-kijivu, na mdomo wake mrefu mnene, kijani-njano, pete nyeusi, ncha nyekundu. Miguu ya njano. Mwenye uzi kasema mdogo mwenye mdomo mweusi. Halafu yule ni wa chumvi, hatoki pwani kirahisi.

#15 Kasia Moja
Huo mdomo unaouelezea ni wa mtu mzima. Mchanga wake hana hizo rangi, mdomo wa kijivu wenye ncha nyeusi. Nimekulia wanatusubiri ngalawa ikipanda mchangani ili waibe samaki mdogo kwenye wavu, wewe unanisomea kitabu.

#16 Jicho la Mwewe
Mchanga? Si Fundi amesema #6 mgongo ni wa mtu mzima? Amueni basi.

#17 Kinda la Mbuni
Samahani mimi mgeni kwenye jukwaa ila kwa nini mnashikilia shakwe? App ilishasema buabua na mkapita tu. Kuna buabua mmoja mwenye mdomo mfupi mnene kama wa shakwe, Gelochelidon nilotica. Mdomo mweusi, miguu myeusi, kipindi hiki kichwa kinakuwa cheupe kimebaki baka jeusi kwenye jicho, na anapenda sana bara, unamkuta juu ya mabwawa na mashamba anakamata wadudu na vyura wadogo. Kila alichosema Mtembea kimo.

Na kuna yule mdogo zaidi, buabua mabawa-meupe, naye saa hizi ndo anavua nguo nyeusi za kuzaliana, anakuwa na weusi kisogoni tu.

#18 Mzee wa Darubini
Karibu jukwaani Kinda, hoja yako nzito. Ila nilotica mgongo wake umepauka sana, karibu na weupe. Na yule mabawa-meupe ni kidogo mno, mwenye uzi asingesema "si sana". Mtembea, akiwa majini anafanyaje? Buabua hana desturi ya kukaa juu ya maji, anachota na kuondoka, na akiruka anaangalia chini mdomo umeelekea majini.

#19 Mtembea Bustani
Anaogelea mzee, anaelea muda mrefu tu na mkia juu. Halafu kuna kitu hamjaniuliza. Jana asubuhi nyasi zilikuwa zimelowa, akatoka majini akasimama pale penye nyasi fupi akaanza kukanyagakanyaga palepale, mguu wa kulia wa kushoto haraka haraka, kichwa kimeinama anaangalia katikati ya vidole. Anasimama, anasikilizia, anadokoa kitu, anaanza tena. Mnyoo mmoja nimeuona kwa macho yangu, aliuvuta taratibu mpaka ukatoka wote, hakuukata. Wale wenzake wa kichwa-kijivu wakaja kumnyang'anya wa pili.

#20 Ndezi Mzembe
Kwa hiyo minyoo inatoka kuangalia dansi 😂😂

#21 Mzee wa Darubini
Ndezi inatoka kweli, mtetemo ule unaifanya ipande juu. Shakwe wengi wanafanya hivyo kwenye nyasi na kwenye maji mafupi. Kinda, kwa hapo buabua ameumia, miguu yake mifupi haimruhusu michezo hiyo.

#22 Kinda la Mbuni
Miguu ya nilotica ni mirefu kuliko ya buabua wengine. Nasema tu.

#23 Pilipili Kichaa
Wakuu mbona hakuna aliyewaza kwamba ndege amechafuka? Mwaka 2016 kule Wales kuna shakwe alitumbukia kwenye pipa la mchuzi wa kuku kiwandani akatoka rangi ya chungwa mwili mzima, watu wa kituo cha wanyama wakamwosha kwa sabuni akarudi mweupe, na harufu ya viungo wakasema haikutoka upesi. Huyu naye kaingiza kichwa kwenye oili chafu ya magari. Mwosheni tuone.

#24 Mama Kware
Nani amkamate amwoshe, wewe Pilipili?

#25 Fundi Lenzi
Pilipili kisa chako cha kweli lakini uchafu haupangiki. Ndege akichafuka unakuta upande mmoja umezidi, kifuani kuna michirizi, manyoya yanagandana. Huyu weusi umeanzia machoni kushoto na kulia sawasawa, na ile mistari ya macho imebaki safi. Oili gani inayoruka macho? Hata wale wenye hitilafu ya rangi, wanaozaliwa na viraka vyeupe, mara nyingi viraka havilingani pande mbili.

#26 Ramani Mkononi
Nimesoma toka mwanzo na nashangaa hakuna aliyelitaja. Paji jeupe, weusi kuanzia machoni mpaka kisogoni, mistari minene juu na chini ya jicho, mgongo umekolea, mdomo na miguu myeusi, mdogo kuliko kichwa-kijivu. Huyo ni shakwe wa Franklin, Leucophaeus pipixcan.

Anazaliana kwenye mabwawa ya nyanda za Kanada na kaskazini ya Marekani, halafu anashuka mpaka pwani ya Peru na Chile kupisha baridi. Kila mwaka anapiga safari ya bara mpaka bara, sasa mtu wa safari hizo akipinda kidogo au akikutana na upepo mbaya anatokea popote. Afrika Kusini wameshamrekodi. Na kipindi ambacho wengine vichwa vyao vimekuwa vyeupe na doa, yeye anabaki na nusu kofia vilevile, ndo alama yake. Kingine, shakwe wengine kwa mwaka wanabadilisha manyoya yote mara moja na ile mara ya pili ni kichwa na mwili tu, huyu anabadilisha yote mpaka ya mabawa mara mbili. Kwa hiyo mara nyingi utamkuta msafi, nguo mpya, kama mwenye uzi alivyomkuta.

Mtembea madai yako ya mwanzo yanaweza kuwa ya kweli kaka.

#27 Jicho la Mwewe
Nilijua tu atatajwa. Kila mwenye darubini anamwota Franklin. Mtu ana bwawa moja, simu yenye ukungu, na jibu linatoka Kanada.

#28 Mama Kware
Franklin ndo nani huyo mpaka anamiliki shakwe?

#29 Ramani Mkononi
John Franklin, mpelelezi Mwingereza wa maeneo ya barafu. Mwaka 1845 aliondoka na meli mbili, Erebus na Terror, kutafuta njia ya kupita kaskazini ya Amerika, hakurudi yeye wala mtu wake hata mmoja. Meli zenyewe zimekuja kuonekana chini ya maji juzijuzi tu, moja 2014 nyingine 2016.

#30 Mama Kware
Haya sasa, ndege kapewa jina la mtu aliyepotea halafu mnashangaa kapotea.

#31 Ndezi Mzembe
😂😂😂 Mama Kware umemaliza. Ila swali la kijinga, shakwe si ndege wa bahari? Anazaliana vipi katikati ya nchi kavu?

#32 Ramani Mkononi
Ndezi hiyo ni picha ya kadi za posta. Hao kichwa-kijivu wa Mtembea wenyewe wanazaliana kwenye maziwa ya bara. Marekani kuna jimbo la Utah, halina hata ukingo wa bahari, na ndege wake rasmi ni shakwe. Mwaka 1848 walowezi wa kule mimea yao ilivamiwa na wadudu jamii ya nyenje, shakwe wakaja makundi kwa makundi wakawala, mpaka leo wana mnara wa shakwe pale Salt Lake City. Franklin hao hao.

#33 Mzee wa Darubini
Hapo umechanganya Ramani. Shakwe wa Utah ni shakwe wa California, Larus californicus, aina nyingine kabisa, mkubwa na kichwa cheupe. Mnara upo kweli, wa 1913. Na hiyo hadithi kuna wanahistoria wanasema iliongezewa chumvi baadae, wadudu waliliwa lakini mavuno hayakupona kiasi kinachosimuliwa.

#34 Ramani Mkononi
Sawa mzee, ila pointi ya bara imesimama.

#35 Kasia Moja
Chumvi mmeitaja wenyewe. Mtembea, ulishamwona anadondosha maji puani? Shakwe wa baharini ana tezi juu ya macho zinachuja chumvi, maji yenye chumvi yanatoka puani yanateremka mpaka ncha ya mdomo, anatikisa kichwa. Ukimwona hivyo basi katoka kwetu pwani hivi karibuni.

#36 Mtembea Bustani
Anatikisa kichwa sana na ncha ya mdomo huwa ina tone.

#37 Mzee wa Darubini
Ndege anayechovya kichwa majini kutwa lazima awe na tone mdomoni. Tezi hizo shakwe wote wanazo, hata wa bara, zinafanya kazi wakipata chumvi. Hapo hujathibitisha kitu Kasia.

#38 Kasia Moja
Na nyie hamjathibitisha Kanada.

#39 Mtembea Bustani
Nimerudi na picha mpya wakuu. Leo jua lilikuwa nyuma yangu na kuna mbwa kapita wakaruka wote, nimempata mabawa wazi. Tatu za mwanzo zina uhai, nyingine ni mawingu. Ncha za mabawa nyeusi, kwenye ncha kabisa kuna vidoa vyeupe, na kati ya ule weusi na kijivu cha bawa mimi naona mstari mweupe. Mdomo nao kwa leo nimeona una wekundu kidogo mwishoni.

#40 Ramani Mkononi
MSTARI MWEUPE. Jamani. Hiyo ndo saini ya Franklin mtu mzima, kijivu, kisha mstari mweupe, kisha weusi, kisha ncha nyeupe. Na mdomo mweusi wenye wekundu mwishoni ndo wake kipindi hiki. Mimi nimemaliza.

#41 Pilipili Kichaa
Wekundu mdomoni si ndo lile doa ambalo vifaranga wanaligonga wapewe chakula? Nilisoma mahali. Basi ni shakwe mkubwa yule mgongo-mweusi.

#42 Mzee wa Darubini
Lile doa unalosema ulilisoma kwa Tinbergen, yule Mholanzi aliyepata Nobel 1973 pamoja na Lorenz na von Frisch. Lipo kwenye taya la chini, kabla ya kufika ncha, na mdomo wenyewe ni wa njano. Huku tunaye mgongo-mweusi mdogo, Larus fuscus, anakuja kwa wingi Ziwa Victoria kipindi cha baridi ya Ulaya, ila huyo akisimama na kichwa-kijivu anamzidi umbo kwa mbali, miguu njano. Haiwezekani hapa.

#43 Fundi Lenzi
Turudi kwenye mstari mweupe. Picha ya kwanza upo, ya pili upo nusu, ya tatu haupo kabisa. Simu hizi zina tabia ya kunoa picha zenyewe, mahali weusi unapokutana na kijivu inachora ukingo mweupe ambao haupo. Angalieni ukingo wa paa la kile kibanda nyuma, nalo lina mstari mweupe. Paa nalo ni Franklin?

#44 Mama Kware
Mimi kwa paa nimesalimu amri.

#45 Ramani Mkononi
Mstari wa paa ni mwembamba Fundi. Wa bawa ni mpana, na unafuata mpindo wa manyoya.

#46 Mzee wa Darubini
Kichwa-cheusi naye ana weupe bawani, ila wake uko ukingo wa mbele, kama pembetatu ndefu kwenda kwenye ncha, weusi ni kamstari kembamba tu kwa nyuma. Nakubali picha hizi hazionyeshi hiyo pembetatu vizuri. Lakini bawa limepinda, sehemu ya mbele ndo iliyoungua na jua. Simtoi bado.

#47 Bi Tausi
Mimi nimeangalia mguu. Picha ya pili mguu wa kushoto kuna kitu kinang'aa juu ya kifundo. Ni pete?

#48 Jicho la Mwewe
Kikiwa pete mambo yamekwisha, Mtembea soma namba. Hata namba chache zinatosha kupeleka kwa wanaoratibu pete za ndege, Nairobi wapo, na watajua alivishwa wapi na lini. Hiyo ndo njia pekee ya kutoka kwenye porojo za kijivu.

#49 Fundi Lenzi
Naona kama uzi wa kuvulia samaki, unaning'inia.

#50 Kasia Moja
Kama ni uzi wa ndoano afuatiliwe kwa haraka. Huku kwetu nimewahi kukuta mmoja umemkaza mpaka mguu umevimba na hasikii tena vidole, tulimfunika kitambaa kichwani akatulia, tukakata taratibu kwa mkasi mdogo. Ukivuta unamwumiza. Na kama watu wanavua hapo bwawani waambieni wasiache vipande vya uzi ukingoni.

#51 Bi Tausi
Kumshika kwenyewe muwe waangalifu jamani. Mwaka 2023 huko Ulaya hao kichwa-cheusi walikufa kwa wingi kwa mafua ya ndege. Akiwa mzima na anaruka mwacheni, akiwa amelegea itwe idara ya mifugo au wanyamapori, mikono mitupu hapana.

#52 Mtembea Bustani
Anaruka vizuri tu na anakimbia. Nitaangalia mguu kesho. Hicho kitu kwa macho sikukiona.

#53 Chelewa Ufike
Nimechelewa uzi mtamu. Kuna ndugu yake Franklin nao hawajamtaja, Leucophaeus atricilla, yule anayelia kama anacheka, wa pwani ya mashariki ya Amerika. Naye mgongo umekolea, mdomo na miguu myeusi. Mdomo wake mrefu na umeinama kidogo mwishoni, na ncha ya bawa weusi unaungana moja kwa moja na kijivu bila mstari. Kama Fundi ana haki kuhusu mstari wa paa, basi huyu ndo anafuata.

Na wa pili, chotara. Kusini mwa Afrika kichwa-kijivu anazaa na shakwe wa Hartlaub, ambaye ni mdogo, mdomo mwembamba uliokolea, jicho jeusi. Mtoto wao anaweza kukupa vitu vya katikati.

#54 Jicho la Mwewe
Hartlaub haachi pwani ya Namibia na Afrika Kusini, na hana nusu kofia nyeusi. Tunamleta kila ndege wa dunia hapa kwenye bwawa moja.

Ila nawaachia hili, hasa Ramani. Franklin mtu mzima mkia wake sio mweupe wote, manyoya ya katikati ni kijivu hafifu. Mwenye uzi picha zote mkia mweupe mtupu. Fundi #6 ndo aliyesema, na hakuna aliyepinga.

#55 Ramani Mkononi
Kijivu hafifu kwa simu ile, kwenye jua lile? Huwezi kukiona hata ukikilipia.

#56 Fundi Lenzi
Kumbe mstari mweupe simu ile iliuona ila kijivu cha mkia haikuweza 😂

#57 Ndezi Mzembe
Haya ndo mambo niliyolipia kiti cha mbele.

#58 Mzee wa Darubini
Mtembea, tunachokosa ni tatu: bawa kwa chini akiwa anapita juu yako, mkia ukiwa umetandazwa anapotua, na mdomo kwa pembeni tupime urefu wake na kichwa. Kichwa-kijivu bawa lake kwa chini limekolea sana, kichwa-cheusi weusi uko kwenye manyoya marefu ya mbele, Franklin kwa chini ni jeupe mpaka karibu na ncha, na yule atricilla wa Chelewa ncha nzima ni nyeusi. Piga video badala ya picha, tutasimamisha wenyewe. Ikitoka ya kueleweka, andika tarehe na saa, ipo kamati ya ndege adimu ya Afrika Mashariki wanapokea maelezo, na wao watakuuliza haya haya.

#59 Mtembea Bustani
Sawa mzee, shukrani. Kuna jirani ana kamera ya lenzi ndefu ya harusi, amekubali kuja jumamosi asubuhi.

#60 Pilipili Kichaa
Mpiga picha wa harusi atamwambia shakwe ageuke kidogo atabasamu.

#61 Chelewa Ufike
Nje ya mada, picha ya tano ya mwanzo kule nyuma kwenye tope kuna kitwitwi mwenye miguu mirefu ya njano, yupo peke yake. Kuna mtu kamwangalia?

#62 Bi Tausi
App imesema ni kipande cha mti.

#63 Kinda la Mbuni
Kitwitwi afunguliwe uzi wake. Na shakwe wenu bado ni buabua.